Masoko ya Kando ya Maji: Kutoka Kafuro Hadi Murongo

Yanapotajwa masoko ya kale ya nchi yetu, mawazo ya wengi huenda moja kwa moja Ujiji, Tabora au Bagamoyo. Vitabu vya shule vimetuzoesha hivyo. Ni wachache, hata hapa Ihembe, wanaofahamu kwamba katika karne ya 19 Karagwe ilikuwa na kituo chake cha biashara ambacho habari zake zilifika Tabora na pwani, na kwamba jina lake, Kafuro, limo katika vitabu vilivyosomwa Ulaya tangu miaka ya 1860. Katika toleo hili tunapenda kuwachukua wasomaji wetu hadi huko, kisha tushuke nao hadi Murongo, kwenye Mto Kagera, ambako biashara ya leo inaendelea.

Tunafanya hivyo kwa sababu katika vikundi vya kuweka na kukopa kuna swali lisilokosa kuulizwa: kwa nini bei ya mazao yetu huamuliwa na watu wa mbali? Swali hilo ni la zamani kuliko mche wa kahawa ulio mzee kupita yote katika shamba lako.

Kwa nini soko hukaa penye maji

Kabla ya kufika Kafuro, tueleze kwanza jinsi masoko ya namna hii yanavyozaliwa. Msafara wa zamani ulikuwa na wapagazi kwa makumi, wakati mwingine mamia. Watu hao wanahitaji maji, kuni na chakula kila jioni. Hivyo kiongozi wa msafara hakuchagua kambi kwa uzuri wa mandhari, alichagua penye chemchemi au kijito. Mwenyeji aliyekuwa na ndizi, mtama, maharage au mbuzi alijua wapi atawakuta wageni wenye njaa na wenye ushanga wa kulipia.

Kwenye mto mkubwa jambo hili lina nguvu zaidi. Mtumbwi haubebi msafara mzima kwa mara moja. Wa kwanza wakishavuka huwangoja wenzao, na walio nyuma huingoja zamu yao, pengine siku mbili au tatu. Anayengoja hununua. Penye kungoja na kununua, wauzaji hujitokeza bila kuitwa na mtu yeyote, na baada ya miaka kadhaa mahali pale pana siku yake ya gulio, mzee wake wa kusuluhisha ugomvi na bei yake inayojulikana.

Mto Kagera una vivuko vya namna hiyo vya tangu zamani. Maji yake hutoka milima ya Rwanda na Burundi, hupita kando ya Karagwe na Kyerwa yakielekea kaskazini, hugeuka mashariki yakitutenga na Uganda, na mwishowe huingia Ziwa Viktoria. Hakuna mto mwingine unaolipa ziwa hilo maji mengi kama huu.

Kafuro na ukarimu wa Mfalme

Kafuro haikuwa ukingoni mwa Kagera penyewe. Henry Morton Stanley, aliyefika huko mwaka 1876, anaeleza kuwa ilikuwa ndani ya bonde refu lililozungukwa na milima, mahali pa chemchemi ya kijito kinachotiririka mashariki na kisha kaskazini hadi Kagera. Ilikuwa mwendo wa saa chache kutoka Bweranyange, makao makuu ya Wafalme wa Karagwe wa ukoo wa Abahinda. Umbali huo haukuwa wa bahati tu. Wafanyabiashara walikaa karibu vya kutosha ili Mfalme ajue wanachofanya, na mbali vya kutosha ili wasiwe ndani ya ua wake.

Biashara ilikuja kwa njia ya kusini. Misafara ilitoka pwani hadi Tabora, ambako Waarabu na Waswahili walikuwa na makao yao, kisha ikapanda kaskazini kupitia Rusubi na eneo la Ziwa Burigi hadi Karagwe. Kutoka hapa iliendelea hadi Buganda. Mmoja wa waliofungua biashara hii alikuwa Musa Mzuri, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyekaa Tabora. John Hanning Speke anasimulia kwamba Rumanyika alipogombania kiti cha baba yake Ndagara na ndugu yake Rogero, Musa alimsaidia, hata akatoa pembe za ndovu ili kupata msaada wa jeshi la Buganda. Mfalme hakusahau. Wafanyabiashara walikuwa na mlango wazi kwake tangu hapo.

Speke na mwenzake James Grant walifika kwa Rumanyika mwishoni mwa Novemba 1861. Walikuwa wamechoka na wamekamuliwa. Njia nzima, na hasa huko Rusubi kwa mtemi Suwarora, walikuwa wamelipishwa hongo kila hatua: nguo, waya, ushanga, na bado wakaambiwa haitoshi. Walipovuka na kuingia Karagwe mambo yakabadilika. Maofisa wa Mfalme waliwapokea, vijiji vikaagizwa kuwapa chakula, na hongo haikudaiwa. Walipofikishwa mbele yake, Mfalme aliwaamkia kwa Kiswahili kizuri. Hebu tufikirie: mwaka 1861, zaidi ya mwendo wa miezi kutoka pwani, Mfalme wa Wanyambo anaongea Kiswahili bila mkalimani. Hakukuwa na shule, wala redio. Lugha ililetwa na soko.

Wageni hao waliandika kurasa nyingi kuhusu unene wa wake wa nyumba ya kifalme, kiasi kwamba wasomaji wa Ulaya waliikumbuka Karagwe kwa jambo hilo kuliko lingine lolote. Kwa maoni yetu walipitwa na jambo kubwa zaidi. Rumanyika alikuwa ameelewa kitu ambacho watawala wengi wa njiani hawakukielewa: mfanyabiashara aliyekamuliwa leo kesho hutafuta njia nyingine. Yeye alichagua kupata kidogo kwa kila msafara na kupata misafara mingi. Zawadi alipokea, tena nzuri, lakini hakufunga njia.

Nini kiliuzwa, na nani alifaidika

Kutoka pwani kulikuja nguo za merikani na kaniki, ushanga wa rangi na ukubwa mbalimbali, masango ya shaba, baadaye bunduki na baruti. Simbi nazo zilitoka baharini, zikatumika kama fedha kwa muda mrefu, ndiyo maana mpaka leo kwa Kinyambo na Kihaya fedha huitwa ensimbi. Kutoka kwetu na kwa jirani zetu zilitoka pembe za ndovu kwanza, kisha ng'ombe, chumvi, majembe na vyuma vya wafua chuma, nguo za magome ya mti, na kahawa. Kahawa hiyo haikuwa ya kunywa. Ilikuwa ile ya kuchemshwa na viungo, kukaushwa na kutafunwa, ambayo mgeni hupewa mpaka leo.

Tuseme neno hapa juu ya jina la kata yetu. Kwa Kinyambo, ihembe ni pembe. Hatudai kwamba Ihembe iliitwa hivyo kwa ajili ya biashara hii. Pembe za ng'ombe zilikuwapo kabla ya Mwarabu wa kwanza. Lakini kwa mtu anayesoma habari za Kafuro akiwa Ihembe, neno hilo halipiti hivi hivi.

Sasa, nani alifaidika? Stanley alimkuta Kafuro tajiri aliyeitwa Hamed Ibrahim, aliyekuwa amekaa nchini miaka mingi. Anaorodhesha mali yake: ng'ombe 150, mbuzi 40, watumwa 100 na pembe za ndovu 450. Tunaomba msomaji asipite haraka kwenye orodha hiyo. Watumwa wamehesabiwa katikati, baada ya mbuzi na kabla ya pembe, kama bidhaa nyingine. Kila mmoja wao alikuwa na mama. Majina yao hayakuandikwa.

Na zile pembe 450, kila moja iliyo kubwa ilihitaji bega la mtu mmoja kuifikisha Tabora na baadaye pwani. Mwindaji aliyemwua tembo alipata ushanga na nguo. Mpagazi alipata posho, na wengine hawakurudi. Mfalme alipata zawadi na heshima. Aliyejua bei ya pembe huko Unguja, na aliyejua kwamba kutoka Unguja itapanda tena hadi Bombay na London, ndiye peke yake aliyeweza kukaa kivulini Kafuro akangoja. Hapo ndipo swali la vikundi vyetu linapopata jibu lake la kwanza. Faida kubwa ya soko lile ilimfuata mwenye habari za bei, akifuatiwa na mwenye uwezo wa kungoja. Aliyetoa jasho jingi zaidi alikuwa wa mwisho katika mstari.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka mitatu kabla ya ziara ya Stanley, na bado aliwakuta watu 100 chini ya mtu mmoja huku kwetu. Utumwa katika Tanganyika ulipigwa marufuku kabisa kisheria mwaka 1922. Wanakijiji wanaotaka kuhifadhi historia ya Kafuro, na tunawaunga mkono, tunawaomba wasiihifadhi nusu yake.

Njia ikahama

Baadaye njia ya biashara ilihama. Kuanzia miaka ya 1870 wafanyabiashara wengi zaidi, na baadaye wamisionari waliokuwa wakienda Buganda, walitumia pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria na kuvuka kwa mitumbwi na mashua. Safari ya ziwa ilikuwa na hatari zake lakini ilifupisha miguu. Rumanyika alifariki mwishoni mwa miaka hiyo ya 1870, na magombano ya kurithi kiti yakaidhoofisha Karagwe. Mwaka 1889 Stanley alipita tena katika nchi hii akiwa na msafara wa kumchukua Emin Pasha, wakavuka Kagera na kufika kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo ziko Wilaya ya Kyerwa. Miaka michache baadaye sotoka ikaua ng'ombe, na ndui na njaa vikafuata.

Mwaka 1890 Emin Pasha, sasa akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba kando ya ziwa. Desemba 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Kuanzia hapo mzigo wa Kagera ulikuwa na njia mpya: kwa meli hadi Kisumu, kwa treni hadi baharini. Karagwe, iliyokuwa katikati ya njia, ikajikuta iko nyuma ya Bukoba. Hapana shaka wapo wazee wa Bweranyange ambao waliendelea kungoja misafara kwa miaka kadhaa bila kuelezwa na mtu kwamba haitakuja tena.

Kagera kuwa mpaka

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulichora mpaka kwenye ramani kwa kufuata nyuzi moja ya latitudo kusini mwa Ikweta. Huko upande wa Missenyi mpaka ni mstari huo ulionyooka, mto uko kusini yake. Huku kwetu, upande wa Murongo, mto wenyewe ndio mpaka. Watu wa ng'ambo wanasema lugha ambayo Mnyambo anaielewa bila kufundishwa, wana koo zinazofanana, na wameoana nasi vizazi vingi. Kwa bibi anayevuka kwenda msibani, maji ni yale yale aliyovuka nyanya yake. Kwa askari wa forodha, ni nchi nyingine.

Kuwa mpaka kumeugharimu mto huu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilivunjika. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliiteka ardhi iliyo kaskazini mwa Kagera huko Missenyi na daraja la Kyaka likavunjwa. Vita vikaendelea hadi 1979. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, Kagera ilileta maiti hadi Ziwa Viktoria, watu wakaacha kula samaki, na maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wakavuka kuingia Karagwe na Ngara. Wengi wa wasomaji wetu wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanakumbuka wenyewe, hatuna haja ya kueleza zaidi.

Pamoja na hayo yote, biashara haikukoma kuvuka. Murongo, inayotazamana na Kikagati ya Uganda, imebaki kuwa mlango wetu wa kaskazini. Anayefika pale leo ataona daraja na magari ya mizigo, pikipiki zilizobeba kuliko uwezo wake, na wanawake wenye ndizi na maharage. Ataona pia jambo ambalo Kafuro haikuwa nalo, nalo ni umeme wa maji ya mto. Mradi wa Kikagati–Murongo wa megawati 14 ulizinduliwa mwaka 2023 na Marais wa nchi zote mbili, na umeme wake unagawanywa sawa kwa sawa. Kwa upande wa mashariki, kwenye kivuko cha zamani cha Kitengule ambako Speke alivuka kwa mitumbwi Januari 1862, sasa kuna daraja la mita 140 lililozinduliwa mwaka 2022.

Jengo la soko lenyewe lina hadithi yenye kuumiza. Serikali ilianza kujenga masoko ya kimkakati ya mpakani huko Nkwenda na Murongo chini ya mradi wa kilimo wa DASIP. Mradi ulimalizika mwaka 2013, masoko hayajamalizika, na yakabaki hivyo kwa miaka huku mbunge wa Kyerwa akiuliza Bungeni. Tunaandika hili bila nia ya kumlaumu mtu. Tunaliandika kwa sababu linaonyesha kuwa kuta si soko. Biashara ya Murongo iliendelea nje ya majengo hayo, juani na mvuani, kama ilivyoendelea Kafuro penye kijito.

Kahawa inayovuka usiku

Hapa ndipo tunapofikia jambo linalotuuma zaidi. Kwa miaka mingi, bei ya kahawa upande wa Uganda ilipokuwa juu kuliko ya kwetu, kahawa ilivuka usiku kwa njia za panya. Vijana hubeba magunia kwenye mitumbwi katika mto wenye viboko na mamba, wakikwepa doria. Wakikamatwa hupoteza mzigo, pikipiki, na wengine uhuru. Mwenye mzigo halisi huwa amelala nyumbani kwake. Msomaji anaona kwamba mpagazi wa Kafuro hajatoweka, amebadilisha tu anachobeba.

Lakini tusimalize kwa kulaani magendo. Lazima tuulize kahawa hiyo iliondokaje mikononi mwa mkulima. Mara nyingi iliondoka miezi mingi kabla, kwa butura. Kila mkulima wa Karagwe na Kyerwa analijua neno hili. Mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya ada, au mgonjwa yuko hospitali, na kahawa bado ni maua. Anatokea mtu mwenye fedha taslimu. Anahesabu miche au anakadiria magunia, analipa sehemu ndogo ya thamani yake, na mavuno yakifika anakuja kuchukua. Serikali imekataza butura mara kwa mara na viongozi wakubwa wameikemea hadharani. Imepungua mahali pengine, haijaisha, kwa sababu maradhi na ada haviwezi kupigwa marufuku.

Tukilinganisha na Kafuro tunaona ni jambo lile lile. Hamed Ibrahim alikuwa na vitu viwili, habari za bei na uwezo wa kungoja. Anayeuza kwa butura hana hata kimoja. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa yote iuzwe kupitia vyama vya ushirika, na katika miaka ya karibuni minada ya ushindani imeanza kufanyika mkoani Kagera, ambako bei hutangazwa mbele ya wakulima wenyewe. Hiyo imetibu sehemu ya kwanza ya ugonjwa, kwani habari za bei sasa ziko wazi kuliko zamani, na bei ikiwa nzuri upande huu hamu ya kuvuka usiku hupungua yenyewe. Sehemu ya pili, uwezo wa kungoja, hailetwi na mnada. Inaletwa na akiba ya kikundi. Shilingi elfu tano ya kila wiki iliyomo sandukuni mwezi wa Januari ndiyo inayomwezesha mama kumwambia mnunuzi wa maua ya kahawa arudi kwao. Ndiyo sababu tunahimiza vikundi viwe na mfuko wa jamii unaotolewa haraka kwa ugonjwa na ada, si mkopo wa biashara peke yake. Kikundi kinachokopesha kwa biashara tu huwaacha wanachama wake kwenye butura siku ile mtoto anapougua.

Vipimo navyo vina sehemu yao. Maharage yetu yanapendwa, na kwa sababu hiyo yanaporwa kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi likapandishwa kilemba juu. Mkulima anauza gunia moja na kutoa moja na robo. Sheria ya vipimo inakataza hivyo, na mizani ndiyo haki. Nabii Amosi aliwakemea watu wa namna hii karne nyingi kabla ya Kristo: waliopunguza kipimo, wakaongeza uzito wa jiwe la mizani na kungoja Sabato iishe ili wauze. Waliokuwa wakisikia mahubiri yake hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa ibada, waliojua siku ya kufunga duka na siku ya kulifungua.

Wapo wanaotuuliza kama shirika la kanisa linahusika vipi na mambo ya soko. Tunawakumbusha Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo alipofika Filipi alitoka nje ya mji siku ya Sabato akaenda kando ya mto, na pale alimkuta Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau kutoka Thiatira. Nyumba ya mama huyo mchuuzi ndiyo iliyowapokea mitume. Hakuambiwa aache biashara.

Mfano kutoka mbali

Tumesoma habari za wenzetu wa Thailand ambazo zinafanana na hizi kuliko tulivyotegemea. Kuna mji mdogo uitwao Sam Chuk, kando ya mto Tha Chin, wenye soko la maduka ya mbao la zaidi ya miaka 100. Wakati mto ulipokuwa barabara, wafanyabiashara walifika kwa mashua na soko likastawi. Zilipokuja barabara za magari, wateja wakaenda kwingine na maduka yakaanza kufungwa. Ulipotokea mpango wa kuyabomoa ili kujenga upya, wakazi walikaa pamoja wakakataa. Walitengeneza majengo yao kidogo kidogo, nyumba ya mzee mmoja maarufu ikawa makumbusho, na wakaanza kuuza tena vyakula vya kale. Mwaka 2009 walipata tuzo ya UNESCO ya uhifadhi kwa Asia na Pasifiki, na leo watu husafiri kutoka Bangkok kwenda kulitembelea.

Hatusemi Kafuro itakuwa Sam Chuk. Huko majengo yalikuwa yamesimama, huku kwetu nyumba za udongo na nyasi zilirudi ardhini zamani. Ila tunacho ambacho hakijengwi kwa mbao: Bweranyange yenye makao ya Abahinda, maji moto ya Mtagata, na tangu mwaka 2019 hifadhi za taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, ya kwanza ikiwa na jina la Mfalme yule yule aliyewaamkia wageni kwa Kiswahili. Mgeni akija kutazama wanyama, nani atamsimulia habari za soko? Wazee wanaojua majina ya vilima na vijito wanapungua kila mwaka. Kijana mwenye simu anaweza kurekodi mazungumzo ya jioni moja na babu yake, na tunavihimiza vikundi vya vijana vya Ihembe kuanza na hilo kabla ya kuandika maombi ya ufadhili.

Kwa anayetaka kwenda

Anayetaka kuziona sehemu hizi aanze na Bweranyange, ambayo kwa mtu wa Ihembe si safari ya kulala njiani. Apite kwanza ofisi ya kijiji, ajitambulishe, aombe mwenyeji wa kumwongoza. Baadhi ya sehemu zina heshima yake na hazipigwi picha hovyo.

Kwa Murongo, ulizeni kwanza siku ya gulio, maana siku nyingine mtakuta watu wachache. Nendeni kama kikundi. Mchukue daftari na muulize bei ya kila zao mnalolima ninyi, kwa kilo, si kwa gunia wala kwa debe, kisha muulize usafiri ni shilingi ngapi. Bei ya Murongo ukitoa usafiri ndiyo bei ya kulinganisha na ile ya nyumbani. Vikundi vingi hushangaa kukuta tofauti ni ndogo kuliko ilivyosemwa, na vingine hukuta ni kubwa kuliko walivyofichwa.

Mwenye nia ya kuvuka na bidhaa halali asijifiche, kwani huenda hana sababu. Chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, bidhaa zilizozalishwa katika nchi za Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola za Marekani 2,000 kwa mzigo, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa na ofisi ya forodha mpakani. Mazao bado yanaweza kuhitaji kibali cha afya ya mimea, na tozo nyingine zinaweza kuwapo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukodi gari. Kahawa ina sheria yake yenyewe na haiingii katika urahisi huu; iuzwe kupitia chama cha msingi. Mvukaji awe na hati ya safari inayokubalika, na ofisi ya uhamiaji itamweleza ipi. Asilipe mtu yeyote bila kupewa stakabadhi yenye jina la ofisi na kiasi alicholipa, na stakabadhi hiyo airudishe kwa mweka hazina wa kikundi.